Mkiandika Kumbukumbu za Darasa Lenu, Anzeni na Daftari la Kidato cha Kwanza

Shati nililovaa siku ya mwisho ya mtihani wa UACE, ule wa kumaliza kidato cha sita hapa Uganda, mwishoni mwa mwaka 2023, lilitiwa sahihi na karibu darasa zima, mbele na nyuma, mpaka kwenye kola. Nilipofika nyumbani nililitundika nyuma ya mlango nikaenda kuoga, na mama, ambaye hajawahi kuacha shati chafu lilale, akalichukua akalifua. Majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito yalibaki. Yale ya kalamu ya kawaida yaligeuka madoa ya buluu. Aliniomba radhi siku mbili mfululizo. Miezi michache baadaye niligundua kwamba jarida la kuagana la darasa letu, ambalo mimi nilikuwa mhariri wake, lilikuwa limefuta majina mengi kuliko sabuni ya mama.

Nawaandikia wadogo zangu mnaojiandaa kuandaa majarida, hotuba na picha za kuaga shule, hasa nyinyi mtakaofanya UACE mwaka 2026, kwa sababu kosa nililolifanya ni rahisi sana kulirudia na kulirekebisha baadaye ni kazi ngumu.

Sisi tuliingia kidato cha kwanza mwaka 2017, katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Tororo, mahali ambapo ukitoka bwenini alfajiri na jerikani lako la maji, kitu cha kwanza unachokiona ni ule mwamba mkubwa uliosimama peke yake juu ya mji. Masomo ya miaka sita tuliyasoma kwa miaka saba. Tulikuwa kidato cha nne shule zilipofungwa nchi nzima tarehe 20 Machi 2020 kwa ajili ya korona. Tukarudishwa kama watahiniwa tarehe 15 Oktoba mwaka huo, tukafanya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, Machi na Aprili 2021, tukapata matokeo mwishoni mwa Julai, kisha tukakaa nyumbani mpaka shule zilipofunguliwa tena kwa wote tarehe 10 Januari 2022, ndipo tukaanza kidato cha tano. Waliorudi hawakuwa wote walioondoka.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Nilipohitaji orodha ya majina kwa ajili ya jarida, nilikwenda ofisini nikaomba orodha ya watahiniwa waliosajiliwa na Baraza la Mitihani la Taifa, yaani UNEB. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, kwa mpangilio wa alfabeti, na nilijiona nimefanya kazi ya maana kwa dakika kumi. Sikufikiri kwamba orodha hiyo inaeleza tu nani aliketi kwenye chumba cha mtihani, wala haijui nani alilala kitanda cha juu yako miaka mitatu, nani alikufundisha hesabu za sehemu wakati wa masomo ya usiku, nani alikukopesha sabuni muhula mzima.

Mwezi wa nne mwaka 2024 nilikutana sokoni Tororo na dada mmoja aliyesoma nasi tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne. Alikuwa amepata ujauzito shule zilipofungwa, akafanya UCE hivyo hivyo, na ingawa mwongozo wa Wizara ya Elimu na Michezo uliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani, nyumbani kwao hapakuwa na wa kumlea mtoto wala wa kulipa karo. Anauza nyanya na vitunguu. Nilikuwa na nakala ya jarida kwenye mkoba, nikamtolea kwa fahari. Alifuta mikono kwenye leso, akafungua ukurasa wa kwanza, akaendelea polepole ukurasa baada ya ukurasa, akisimama kila penye picha ya kundi, na mimi nikaanza kuelewa anatafuta nini kabla hajafika mwisho. Aliporudisha jarida aliuliza swali moja tu: “Kwani mimi sikusoma na nyinyi?” Kisha mteja akaja akauliza bei ya fungu la nyanya, akamhudumia.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kwa hakika ndio wenye uzito kuliko yote, ni kwamba msianze na orodha ya watahiniwa. Mwendeeni mwalimu wa darasa mapema, ikiwezekana muhula wa pili, kabla joto la mitihani halijapanda, mkamwombe daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, lile lenye majina yaliyoandikwa kwa mkono. Nyinyi wa 2026 mna sababu kubwa kuliko sisi. Mlianza kidato cha kwanza Februari 2020, mkiwa kundi la kwanza la mtaala mpya wa sekondari ya chini, na mlikuwa hamjazoea hata kengele ya shule mliporudishwa majumbani. Wapo wenzenu waliosoma wiki hizo chache wakatoweka, na huenda daftari hilo ndilo mahali pekee shuleni palipo na ushahidi kwamba walifika. Gawaneni majina, kila mmoja achukue matano au sita, apige simu, aulize kijijini, aulize wachuuzi na waendesha bodaboda, kisha kila aliyepatikana aulizwe kama anapenda kuandikwa na angependa aandikwe vipi. Wengine watakataa, na kukataa kwao kuheshimiwe bila maswali. Mimi nilipoifanya kazi hiyo baadaye, kwa kuchelewa, nilikuta majina 19 ambayo jarida halikuyataja hata mara moja, na mawili kati yao yalikuwa ya marehemu.

Wapo pia waliojiunga nanyi kidato cha tano wakitoka shule nyingine. Hao hukaa kimya kila mnapocheka mambo ya kidato cha pili, na sisi tuliwaona wageni mpaka siku ya mwisho. Wapeni kurasa zao. Walikuja na macho mapya, na waliona kasoro za shule ambazo sisi tulikwisha kuzizoea.

Zungumzeni na wafanyakazi. Katika jarida letu, ukurasa kuhusu kufungwa kwa shule niliuandika mwenyewe, umejaa maneno makubwa kuhusu janga la dunia. Nilipomhoji mzee wetu wa jikoni, baada ya jarida kutoka, aliniambia kwamba Alhamisi usiku aliloweka maharagwe ya shule nzima kwa ajili ya chakula cha mchana cha Ijumaa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba asubuhi ile wanafunzi wangekuwa wameanza kuondoka. “Nyinyi mlibeba masanduku yenu mkapanda gari,” alisema, “mimi nikabaki na mapipa mawili ya maharagwe yaliyokwisha kuvimba.” Aliyapika, akawagawia majirani, akarudi nyumbani, na mshahara ukasimama mpaka shule ilipofunguliwa. Walimu wetu kadhaa walifyatua matofali na kuendesha bodaboda wakati huo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwauliza waliishije.

Na mtu akisimulia kwa Kiswahili, mwandikeni kwa Kiswahili. Shuleni kwetu jarida lilikuwa la Kiingereza tu, na maneno ya mzee yule yakitafsiriwa hugeuka maji matupu. Tororo ni mji wa Jopadhola, Iteso na Wasamia, ambao wakikutana sokoni Kiswahili ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Katiba nayo imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Nakumbuka sisi wachache tuliochagua Kiswahili kidato cha tano tulivyoitwa “afande” kila tulipokisema, kana kwamba lugha hii haina kazi nyingine isipokuwa kuamrisha watu. Natumaini kwenu utani huo umepungua.

Jambo lingine ni ukweli kuhusu mabaya. Karibu kila jarida la kuagana nililolisoma husema shule ilikuwa familia moja yenye upendo, na msomaji aliyewahi kulala kwenye mabweni yetu hulifunga pale pale. Viboko shuleni vinakatazwa na Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa 2016, lakini sisi tulichapwa, na sisi nasi tukawaonea wadogo. Nikiwa kiranja wa bweni niliwatuma watoto wa kidato cha kwanza wanichotee maji usiku, na mmoja aliteleza kwenye ngazi akavunjika jino. Hilo sikuliandika katika ukurasa wangu wa “mafanikio ya viranja”. Kama una deni la namna hiyo, usilifanye kuwa kichekesho cha kuchangamsha karamu ya kuagana. Mtafute mwenyewe, mwombe radhi ana kwa ana, na uandike ikiwa tu ameridhia.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi: asiyeweza kuchangia asinyimwe nakala wala picha, mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila wiki, na msimlipe mchapishaji fedha zote kabla hamjaiona nakala ya kwanza kwa macho yenu. Sisi tulilipa zote, tukapokea kurasa nane zilizochapishwa juu chini.

Picha ziandikwe majina nyuma kwa penseli siku ile ile zinapochapishwa, kwa kuwa simu huibwa na makundi ya WhatsApp hunyamaza baada ya matokeo kutoka, yakabaki ya kuchangia misiba na harusi.

Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa kumi na mbili, nilichapa kurasa nne za nyongeza, nikazibandika kwa gundi ndani ya nakala chache nilizobaki nazo, nikampelekea dada wa sokoni nakala yake. Alikaa juu ya kreti akasoma sehemu yake mara mbili, kisha akaniomba kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba katika timu ya netiboli alikuwa mlinzi. Akakata neno hilo kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa: MFUNGAJI.