Barua kwa Mwanangu: Riziki Iliyopangwa na Kazi ya Mikono

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umepewa kazi ya pili, ya kufunga hesabu za duka jioni, nawe unajiuliza kama kuikubali si upungufu wa imani, kwa kuwa wenye hekima wetu wanafundisha katika Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi wetu, kwamba riziki ya mtu ya mwaka hupangwa kati ya Rosh Hashana, Mwaka Mpya wetu, na Yom Kipur, Siku ya Upatanisho.

Fundisho hilo ni la kweli, lakini halikutolewa ili mtu akunje mikono. Katika Talmudi hiyohiyo, watu wa Aleksandria walimuuliza Rabi Yehoshua ben Hanania mtu afanye nini ili atajirike, akawaambia azidishe biashara na afanye kwa uaminifu. Walipomweleza kwamba wengi wamefanya hivyo na hawakufaulu, akasema basi amwombe rehema Yule ambaye mali ni yake. Kisha Talmudi yenyewe inauliza: kama jibu ni dua, biashara ilitajwa ya nini? Inajibu kwamba moja bila jingine halitoshi.

Soma tena habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa baba zetu jangwani, katika Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli hawakuilima wala kuipanda, lakini kila asubuhi iliwapasa watoke hemani, wainame na kuiokota kabla jua halijawa kali, maana likiwa kali iliyeyuka. Walipoipima, aliyeokota nyingi hakuzidi na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kila kichwa kilipata pishi moja. Waliojiwekea akiba hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya siku ya sita, iliyokuwa maradufu kwa ajili ya Sabato; nao waliotoka kuokota siku ya saba hawakuona kitu. Kuokota kulikuwa wajibu wao, lakini kipimo hakikuwa mikononi mwao.

Najua utaniuliza habari za Yusufu, ambaye Rashi, mfafanuzi mkuu wa Torati, anasema alizidishiwa miaka 2 gerezani kwa kumtegemea mkuu wa wanyweshaji, aliyemwomba amtaje kwa Farao. Sikubaliani na wanaolisoma hilo kama katazo la kuomba msaada. Ninavyoelewa mimi, kosa halikuwa katika ombi, bali katika kuliweka tumaini lake lote kwa mtu mmoja ambaye, kama Torati inavyosema, hakumkumbuka bali alimsahau.

Kwa hiyo sioni ubaya wowote katika kazi ya pili. Kinachonitia wasiwasi ni lile ulilolitaja kwa kupitia tu, kwamba mwenye duka anakutaka hata Ijumaa baada ya jua kutua, wakati Sabato imekwisha kuingia. Hapo juhudi imevuka mpaka wake, kwa sababu unajaribu kupata riziki kwa kuvunja amri ya Yule anayeitoa. Tena fundisho lilelile la riziki ya mwaka linaondoa katika hesabu gharama za Sabato, za sikukuu na za kuwafundisha watoto Torati: anayezipunguza hupunguziwa, na anayeziongeza huongezewa.

Mweleze mwenye duka jambo hili kabla hujatia sahihi. Akikubali, ifanye kazi hiyo kwa bidii yako yote na mahesabu yake yawe safi. Akikataa, iache, na Jumapili asubuhi uanze kutafuta nyingine.

Mama yako