Dogo unataka kutengeneza GTA ya Bongo? Kacheze kwanza gemu za kaseti

Juzi usiku nimepata meseji kutoka kwa dogo mmoja wa Kasulu, naiweka kama ilivyo, jina nimelitoa: "Shikamoo kaka, nafatilia sana mambo yako, nataka kutengeneza GTA ya Bongo, yenye bodaboda na matrafiki na kila kitu, nina laptopu ya RAM giga 4, nianzie wapi?"

Nikacheka. GTA ni lile gemu la kuzurura mji mzima na magari huku askari wanakukimbiza. Afu nikaacha kucheka, maana hiyo laptopu inaizidi ile niliyokua nayo mimi wakati nafanya ujinga huo huo, na mimi sikumuuliza mtu yeyote. Kwahiyo dogo tayari umenizidi akili. Ila jibu langu ni refu, kaa chini.

Mi nimekulia Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Kwenye uchochoro wetu kulikua na chumba kimoja cha gemu, TV ya chogo, feni hakuna, watoto kumi na tano tumebanana kwenye benchi moja na harufu ya mawese inaingia kutoka jiko la jirani. Mwenye chumba tulimwita Shemeji, mpaka leo sijui alikua shemeji wa nani. Shilingi hamsini unashika padi, maisha yakiisha unampisha mwenzio. Ile mashine haikua Nintendo yenyewe, zilikua kopi za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani 1983, sisi tunaita tu gemu la kaseti. Kaseti ya njano, imeandikwa ina gemu 9999, ukizihesabu hazifiki hata kumi, zingine zote ni zile zile zimebadilishwa jina.

Kaseti ikigoma inapulizwa. Shemeji alikua na mtoto maalum wa kupuliza na huyo alikua anacheza bure, na sisi tulimwonea wivu kama mtoto wa waziri. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba Nintendo wenyewe walikua wanakataza kupuliza, unyevu wa mdomoni unaharibu vile vyuma, kumbe kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya tu. Jamaa kala bure miaka mitatu kwa kutuharibia kaseti.

Na kulikua na mwingine wa darasa la tano anauza siri ya Contra, gemu la kupigana risasi. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, unapata maisha thelathini. Bei andazi moja. Nililipa andazi langu la mapumziko nikashinda na njaa mpaka saa nane. Ile siri wala haikuanzia kwenye Contra, ilianzia kwenye Gradius ya Nintendo ya 1986, fundi wa kampuni ya Konami anaitwa Kazuhisa Hashimoto alikua anaihamishia kule kutoka kwenye mashine kubwa za dukani, gemu ikamshinda kuicheza, akajiwekea njia ya mkato ili aweze kuijaribu, ikabaki humo humo. Yaani fundi mwenyewe haiwezi gemu yake! Na mimi nililia siku nzima nilivyokwama steji ya tatu.

Afu ikaja PlayStation 2 na hapo siongei sana kila mtu anajua, FIFA, Winning Eleven, GTA San Andreas. Shemeji alikataa kubadilika, akafunga chumba, akaanza kuuza vocha. Na mimi nikawa wa kwanza kuwacheka wanaocheza mambo ya kaseti. Nikawaita watoto.

Sasa aibu yenyewe. 2019 mimi na mshkaji wangu, tumesoma wote tangu msingi, tukaamua tunatengeneza GTA yetu ya mwisho wa reli. Inaanzia stesheni, ile ya Wajerumani, unapanda na bodaboda mpaka Mwanga, unaenda Ujiji, unashuka Kibirizi kwenye maboti. Askari wapo, bajaji zipo, hadi wamama wa migebuka tulitaka wawepo na wakutukane ukiwagonga. Kompyuta yetu RAM giga 2. Jengo la stesheni peke yake lilinichukua miezi minne, mimi ndo nililichora, kila dirisha, kila tao, nilikua naenda pale na simu kupiga picha mpaka mlinzi akaanza kuniuliza kwetu ni wapi. Na lilipendeza, hilo hata adui yangu anajua. Tatizo ukiweka stesheni bodaboda haitembei. Ukitoa stesheni bodaboda inatembea, ila iko jangwani.

Miaka miwili hiyo. Mengi yake ilikua ni kusubiri mashine ijifikirie.

Tukaja kualikwa kuonyesha kazi kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, wageni wamekaa mbele na maji ya chupa, projekta ipo, mshkaji kashika maiki anaeleza vizuri kabisa, mimi nabonyeza. Bodaboda ikatoka stesheni, ikaenda hatua kama tatu, ikazama kwenye lami. Ikazama yote na dereva wake ikabaki helmeti tu juu ya barabara, na skrini ikaganda pale pale kwenye helmeti. Dakika tano nzima. Mzee mmoja mstaarabu akanyoosha mkono akauliza, "Samahani vijana, hiyo ni ajali au ndivyo inavyochezwa?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mi mwenyewe nikacheka kidogo, na nadhani hapo ndo nilikosea, maana mshkaji hakucheka. Kesho yake akanitumia meseji moja kwamba anaenda Dar ana mambo yake, na flashi yenye kazi yote alikua nayo yeye. Mwezi uliofuata kompyuta yangu ikafa. Basi, ikaishia hapo.

Nikakaa karibu mwaka nafanya kazi ya kutoa fotokopi, sitaki hata kusikia neno gemu. Mpaka siku moja niko kwa mama Ujiji, umeme hamna, mpwa wangu wa miaka saba kachukua simu ya tochi ya bibi yake anacheza nyoka. Saa nzima. Anakufa anaanza, anakufa anaanza, anamtukana nyoka, bibi yake anamkemea, anaanza tena. Nilimwangalia roho ikaniuma kiukweli. Gemu yetu hakuna binadamu aliyeicheza zaidi ya dakika mbili na tuliipa miaka miwili ya ujana wetu, afu huyu kagandana na vidoti vyeusi. Yule nyoka alitengenezwa na Mfini mmoja, Taneli Armanto, kwa ajili ya Nokia 6110 ya 1997. Kitufe cha mbili, nne, sita, nane, umemaliza kujifunza kucheza.

Ndo nikarudi nyuma. Nikaziweka zile gemu za kaseti kwenye simu nikaanza kuzicheza upya, ila safari hii kama fundi, naangalia mtu kafanyaje. Na kila siku nilikua naona aibu mpya.

Super Mario Bros. ya 1985, gemu nzima, steji zote na muziki wake na wale kobe, ni kilobaiti 40. Meseji ya sauti ya mama yako anakuuliza kama umekula inaweza kuizidi. Sasa Shigeru Miyamoto na wenzake walienezaje vyote hivyo? Angalia wingu, afu angalia kichaka. Ni mchoro mmoja! Juu wameupaka weupe ukawa wingu, chini wameupaka kijani ukawa kichaka. Nimeicheza ile gemu nusu ya utoto wangu sijawahi kuona. Mimi huku nachora madirisha ya stesheni moja moja. Na pale mwanzo kabisa, hakuna maelezo yoyote, unawekwa kushoto, kulia kuko wazi, unaenda, kadude kanakuja polepole, hujaruka umekufa. Umeshafundishwa. Gemu yetu ilikua na kurasa mbili za maelekezo kabla hujawasha pikipiki.

Au chukua Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya 1989. Gunpei Yokoi wa Nintendo alikua anaamini uchukue teknolojia iliyoshapitwa, ya bei rahisi, ambayo kila fundi anaijua, uitumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Ile mashine haina rangi, haina hata taa ya kioo, betri nne ndogo unacheza zaidi ya masaa kumi. Wapinzani wao Sega wakaleta Game Gear, ina rangi inawaka vizuri, betri sita, masaa machache zimekata. Nani alishinda? Mtu aliyekulia Kigoma ya majenereta na mgao haelezwi mara mbili.

Ila iliyonimaliza kabisa ni hii, dogo wa Kasulu isome taratibu. GTA yenyewe ya kwanza, ya 1997, ilitengenezwa Dundee, Uskoti, na DMA Design, watu ambao walikua wameshatoa gemu ya Lemmings miaka sita kabla. Na ile GTA unaiangalia kutoka juu kama ndege! Unaona mapaa, magari kama viberiti. Mambo ya kumfata mtu kwa nyuma barabarani yalikuja na GTA III, 2001. Kwahiyo hata wenye GTA hawakuanza na GTA unayoijua wewe, na sisi wawili wa Mwanga na RAM giga 2 tukataka tuanzie hapo.

Nikanunua laptopu ya mtumba, nikashusha Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure na haifiki hata MB 200, nikatengeneza gemu ya kitufe kimoja. Usiku, ziwani, una mtumbwi na taa. Ukishika kioo taa inawaka dagaa wanakuja, ukiachia wavu unapanda. Ukiwasha sana betri inaisha. Basi hakuna kingine, wiki tatu nimemaliza. Nikampelekea mjomba wangu anayevua Katonga acheze. Akacheza kimya kimya muda mrefu tu, afu akaniambia, "Mwanangu, mbona umetuwekea mwezi mzima? Mbalamwezi watu wanalala." Nilikua nimeuchora mwezi kwa urembo! Lakini ndo ikawa gemu sasa, kila steji mwezi unakua na dagaa wanazidi kudharau taa yako. Ule ugumu wote watu wanaousifia ni wa mjomba, na hajui.

Kuna shida nyingine, dagaa wakijaa simu ndogo zinachoka wanaogelea kwa kusuasua, ukiwavua wengi wale wachache waliobaki wanakimbia kama wamechanganyikiwa. Nimehangaika wiki nzima kulirekebisha hilo. Afu nikasoma kwamba Space Invaders, gemu ya 1978 ya kupiga wavamizi, ilikua hivo hivo, mashine ya Tomohiro Nishikado ilikua inalemewa na wale wavamizi wengi, ukiwapunguza inapata nafuu wanaongeza mbio, akaona hii mbona tamu, akaiacha. Na mimi nikaacha. Mtu akiniambia dagaa wako wa mwisho wajanja namjibu ndiyo nimekusudia.

Mpaka naandika hapa wameipakua watu 1,340. Sio wengi najua, msiniambie. Lakini mmoja kaniandikia kutoka Bujumbura kwamba kwao wanasema ndagala, niweke na hilo jina, na niliisoma ile meseji mara nyingi kuliko matokeo yangu ya fomu foo.

Kwahiyo ushauri. Anza kidogo. Cha pili, anza kidogo zaidi ya ulivyofikiria niliposema kidogo, maana najua umeshapunguza matrafiki tu umebakiza bodaboda. Tengeneza Pong kwanza, vibao viwili na mpira, 1972 hiyo. Kisha nyoka. Zicheze hizi gemu kwa mkono wako, usikae kuangalia wenzio wanacheza YouTube, kidole ndo kinajifunza. Mpe mtu acheze na usimwelekeze, nyamaza, angalia anakwama wapi. Na tuache hii tabia vijana wa sasa, kila mtu anataka kianze kikubwa, kisifiwe kabla hakijawaka, logo ipo, ukurasa upo, fulana zimechapwa, gemu haipo. Tunadharau vitu vidogo kama vile sisi wenyewe tuna vikubwa. Ukiambiwa vya kitoto umekasirika, kwani anayecheza ni nani? Mtoto akikataa gemu yako ujue imekataliwa. Anza kidogo, narudia, hata kama umechoka kunisikia.

Dogo, RAM giga 4 inakutosha sana. Jumamosi nitakupigia nikuelekeze kushusha Godot, uwe na bando.

Na wewe mshkaji wangu wa Dar, najua unasoma, huwa naona unapita hapa bila kusema kitu. Sijakasirika. Nataka nifanye ile yetu ya mwisho wa reli upya, ya kuangalia kutoka juu kama ya 1997, bodaboda haiwezi kuzama maana lami yenyewe ni picha. Naomba flashi. Barabara baki nazo, bajaji baki nazo, nataka stesheni yangu tu. Najua ukiiangalia kutoka juu ni paa, naweza kulichora upya nusu saa nikamaliza. Nirudishie hivo hivo.