Siku mbili bila daileta, wiki nzima ya kilio

Shoga yangu mmoja kaniandikia juzi, "dada narudi kazini Jumatatu, hiyo dailesheni ntaifanya saa ngapi?" Yaani kule kuingiza daileta, kijiti cha kupanulia uke uliotengenezwa kwa oparesheni, usije ukajibana. Nikacheka, kisha nikakumbuka yaliyonipata mwezi uliopita, kicheko chenyewe kikaisha.

Mimi oparesheni hiyo nilifanyiwa Bangkok, nikarudi Mombasa na mto wangu wa kukalia ule wenye tundu katikati. Miezi mitatu ya kwanza dailesheni mara tatu kwa siku, nusu saa nusu saa, hapo sina la kusimulia, ni kulala chali unaangalia dari. Mwezi wa nne nikarudi ofisini, tunatoa mizigo bandarini, daktari akapunguza zikabaki mara mbili, alfajiri na usiku. Nikajiona nshamaliza.

Bosi akanituma Nairobi siku mbili. Sasa treni mnaijua, pale stesheni ya Miritini mabegi yanapangwa chini mbwa wanusa, halafu mashine, nikawaza askari atoe daileta mbele ya watu aulize "hii nini?" Nikapanda basi la usiku, begi likaenda buti, na kule nikawekwa chumba kimoja na mwenzangu wa kazi ambaye (Mungu anisamehe) mdomo wake hauna kifuniko. Siku mbili sikugusa kitu. Kurudi nyumbani ile saizi nlioizoea ikagoma. Nikalazimisha, nikatoka damu, nikakaa kitandani nalia kama mtoto. Daktari kwenye WhatsApp kanikaripia, usisukume, rudi saizi ndogo, pumua, na damu ikizidi au ukisikia harufu mbaya wende hospitali usingoje. Wiki nzima ndo nikafika nilipokuwa.

Kwa hivo mashoga zangu, daileta inakaa mkoba wa mkononi, si buti. Na barua ya daktari humo humo. Jeli iwe ya maji, msiniletee habari za mafuta ya nazi, daktari wangu kanikataza kabisa, na jeli ya silikoni inaharibu daileta za silikoni. Beba leso ya kutandika, pedi, sabuni isiyo na manukato, na maji yaliyochemshwa kwenye chupa, mana hapa kwetu mfereji ukikauka ni yale ya kisima yenye chumvi. Chumba omba cha peke yako, ikibidi lipia tofauti, mi nimelipa. Na muamke! Eti usingizi. Mtu umeweza kulipia oparesheni, kuamka saa kumi kunakushinda? Mimi niliuza kiwanja changu cha Mtwapa, ndugu zangu mpaka leo salamu hawanipi, halafu nije niipoteze kwa kumwonea haya askari nisiyemjua?

Wiki iliyopita nikatumwa tena. Nikapanda treni. Askari wa kike akafungua kipochi, akasoma barua yote, mi jasho lanitoka, akafunga zipu pole pole.

"Pole mamangu. Haya, anayefuata."