Maswali yenu: Diani, Kinondo na Gazi

Likizo inakaribia na wengi mnauliza habari za pwani ya Kwale. Haya tuanze.

Tulifika Diani saa tano asubuhi, maji yakawa ya magotini tu. Tuogelee saa ngapi? (Msomaji, Nakuru)

Mlienda siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo. Siku hizo bahari hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ikajaa mnamo saa kumi alasiri. Asubuhi tembeeni mwambani, lakini kwa viatu: kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao ukikatikia unyayoni, likizo imekwisha. Msikawie kwenye mafungu ya mchanga maji yakianza kurudi. Hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yenu, kati ya fungu na pwani, huku mbele mkiona bado pakavu. Kuogelea, subirini saa tisa.

Kaya Kinondo si mambo ya uganga? Mimi nimeokoka. (Dada wa Thika)

Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, dada, wenye makaburi ya wazee wao. Hakuna atakayekuombesha. Utafungwa kaniki, kile kitambaa cheusi, kiunoni, utavua kofia, hutambusu mumeo humo ndani, na hutatoka na kitu, hata jani kavu lililoanguka lenyewe. Wageni walianza kupokewa 2001, na mwaka 2008 UNESCO ikaiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mimi nasema hivi: miiko hiyo hiyo unayoiogopa ndiyo iliyouacha msitu umesimama, huku viwanja vya jirani vikigeuka hoteli. Kama kaniki itakukera, baki ufukweni, hakuna atakayekulaumu. Kuivaa kwa ajili ya picha tu ndiko kunakoudhi.

Gazi kuna nini cha kuwaonyesha watoto? (Baba Zawadi)

Ghuba ya Gazi si ya kuogelea, chini ni tope. Nendeni kwa mikoko. Kina mama wa kijiji wana njia ya mbao inayopita juu ya mizizi, na maji yakipwa watoto wataona kaa wenye gando moja kubwa wakipungiana. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, na fedha zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Wali wa nazi na samaki agizeni mapema, si mkishafika na njaa. Siku za bamvua, asubuhi iwe ya Gazi, alasiri ya Diani.

Bikini ruhusa? (Asiyetaka jina)

Ufukweni, ndiyo. Kijijini jifunge leso.

Tunafikaje kutoka Mombasa bila gari? (Msomaji, Eldoret)

Feri ya Likoni, halafu matatu za Ukunda. Diani na Kinondo, chukua tuktuk hapo Ukunda. Gazi, panda za Msambweni au Lunga Lunga, umwambie kondakta mapema, maana hupita kwa kasi. Barabarani kuna boda za kukuingiza kijijini.