Weka mkasi chini kwanza

Juzi kijana mmoja, aliyeanza matunda laini mwaka jana, alinionyesha kwa fahari picha ya rasiberi zake baada ya kuzipogolea. Fito zote zimekatwa sawasawa, kimo cha kifundo cha mguu, kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. "Nimesafisha," akaniambia. Nilimcheka, kisha nikanyamaza, maana kazi hiyohiyo nimewahi kuifanya, tena si mara moja. Basi kaeni hapa kidogo, nyinyi wapya wa stroberi, rasiberi na karanti (vile vitunda vidogo vya vichala, vyeusi au vyekundu). Nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Moyo wa mche wa stroberi, pale majani yanapochipukia, ukae usawa wa udongo. Ukiuzika unaoza, ukiuacha juu unakauka. Sirudii tena. (Kila mwaka narudia.)

2. Stroberi usiziweke palipotoka nyanya, viazi au bilinganya. Ugonjwa wa mnyauko unaweza kukaa ardhini miaka mingi ukimngoja mgeni.

3. Ijue aina ya rasiberi yako kabla hujagusa mkasi. Hapa nitakawia, mnisamehe.

Mizizi ya rasiberi hudumu, lakini ufito mmoja maisha yake ni miaka miwili. Ziko aina zinazozaa katikati ya majira ya joto: ufito mwaka wa kwanza hurefuka tu na kuota majani, mwaka wa pili huchanua, huzaa, kisha hukauka. Ziko nyingine zinazozaa mwishoni mwa joto, baridi ikinusa, kwenye ncha za fito za mwaka uleule. Hizi za pili ukizikata zote hadi chini wakati zimelala kwa baridi, hujakosea kitu. Mimi nilikuwa na zile za kwanza. Nilimsikia mtu akisema "rasiberi hukatwa zote," na sikumuuliza rasiberi zipi.

Mwaka wa kwanza nikafyeka. Joto liliporudi zikaja fito nene, ndefu kunizidi, na hakuna ua hata moja. Nikasema bado changa, nikamwaga samadi. Mwaka wa pili nikafyeka tena, safari hii kwa ustadi zaidi. Fito zikanenepa, maua hakuna. Nikaushuku udongo, nikapima tindikali yake. Nikawashuku nyuki, nikapanda maua kando ya kitalu ili kuwaita. Nyuki walikuja kweli, wakashughulika na maua yangu ya kuwaita, maana kwenye rasiberi palikuwa na nini cha kufuata? Chupa nilizonunua kwa ajili ya jamu zikaanza kuwekwa misumari na vifungo.

Mwaka wa tatu nikaenda kumlaumu mzee jirani aliyenipa miche ile. Alikuwa amenipa bure, na bado nikaenda. Akaja, akazunguka kitalu mara moja, akauliza:

"Mwanangu, fito za mwaka jana ziko wapi?"

"Nilizichoma zote, mzee," nikamjibu, nikitarajia sifa.

Akanitazama muda mrefu. "Basi ulichoma matunda," akasema, akarudi kwake.

Kilichoniuma si neno lile. Kilichoniuma ni kwamba mwaka huo pia nilikuwa nimeshafyeka. Kwa hiyo ilinibidi kungoja mwaka mzima mwingine, nikizitazama fito ninazojua fika kwamba hazizai, na jirani akipita uani kwangu anauliza hali za watoto, za rasiberi hazigusi.

Nilijifariji kwa habari ya Frézier, mhandisi wa Kifaransa aliyetumwa Chile kupeleleza ngome. Mwaka 1714 alirudi nyumbani na miche mitano ya stroberi za kule, zenye matunda makubwa. Yote mitano ilikuwa majike. Ikachanua Ufaransa bila kuzaa, hadi ilipopandwa karibu na stroberi za Virginia zikaipa chavua. Katika ndoa hiyo ndimo zilimotoka stroberi za bustani tunazolima leo. Yeye angalau alikuwa na shughuli nyingine.

4. Karanti nyeusi na karanti nyekundu si pacha. Nyeusi huzaa zaidi kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo kila mwaka toa machache yaliyozeeka, ukate karibu na ardhi. Na unapopanda, izamishe kama sentimita 5 zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye chungu, ichipue kutoka chini. Nyekundu huzaa kwenye matawi makongwe, kwa hiyo hayo ndiyo nguzo zake: yaache, fupisha vijitawi vya pembeni tu. Ukiinyoa nyekundu kama nyeusi, rudi usome namba 3.

5. Kuchuma. Rasiberi iliyoiva huachia yenyewe, kitovu cheupe kikabaki kwenye ufito. Ukivuta ikagoma, iache. Stroberi ukiichuma nyeupe inaweza kugeuka nyekundu, utamu hautaongezeka. Chuma asubuhi umande ukishakauka, tandaza kwenye chombo cha kina kifupi, usioshe mpaka wakati wa kula. Maji hualika ukungu wa kijivu. Karanti chuma kichala kizima, kisha kichambue kwa uma.

6. Wavu wa kuzuia ndege utangulie wekundu. Mwaka mmoja niliziona karanti zimeiva, nikasema kesho. Asubuhi nikakuta vikonyo vitupu, kama vitana vilivyong'oka meno. Na wavu uvutwe ukaze, ukilegea unanasa ndege. Nimewahi kumnasua mmoja kwa nusu saa, akanidonoa kidole, akaruka na tunda mdomoni.

Nikirudi kwa yule kijana: jana nilikwenda kwake kumpa pole, nikiwa na hotuba yangu tayari. Chini ya kisiki kimoja kilining'inia kibandiko cha miche, bado kimefungwa na uzi wake. Nikakisoma mara mbili. Aina ya mwisho wa joto. Kukata zote ndivyo ilivyotakiwa.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Kujua nini?" akasema.