Bashiri kwanza, ndipo ushike kipanya

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa bingwa wa programu ya kukokotoa mikazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la kitu. Naburuta mzigo juu ya boriti, rangi zinageuka toka bluu hadi nyekundu, nanakili jibu, nalala. Mtihani ukaja na karatasi na kalamu tu. Nikashindwa kuchora momenti (nguvu ya kupinda kila sehemu) ya boriti iliyoegemea nguzo mbili, mchoro ambao wiki nzima nilikuwa nauangalia ukijichora wenyewe!

Siku hizi, wakati wa likizo, nakaa na vijana wa uhandisi waliorudi nyumbani Tabora. Sharti langu ni moja: hakuna kubonyeza kabla ya kubashiri. Chora umbo unalolitegemea, andika namba unayoidhania. Ukikosea ndipo utamu unapoanza, maana sasa una la kuiuliza programu.

Mdogo wangu mmoja alibashiri kwamba mbao ya 2 kwa 6, uilaze uisimamishe, ni ileile tu. Akaigeuza kwenye skrini, mzigo uleule: ilipolazwa, mkazo ukapanda mara 3, na kupinda kukapanda mara 9. Akadai programu imeharibika. Tukatoka uani, tukaweka mbao yenyewe juu ya matofali mawili, akaikalia hivi na hivi. Fundi seremala jirani alitucheka sana. Fomula haijui, ila hajawahi kulaza mbao ya kenchi. Tukarudi kwenye daftari: kimo cha mbao kinaingia kwa kipeo cha pili kwenye mkazo, cha tatu kwenye kupinda. Mdogo wangu hakuhitaji kukariri tena.

Vipimo viangalie mwenyewe. Ukiingiza milimita mahali pa mita, programu haitakusuta, itakupa jibu la ajabu kwa rangi nzuri.

Kwenye duara la Mohr, mchoro unaoonyesha jinsi mikazo inavyobadilika ukigeuza pembe ya kuitazama, naisifu programu bila kinyongo. Ubaoni duara limetulia tuli. Kwenye skrini unazungusha kipande nyuzi 45, nukta kwenye duara inazunguka 90, unaona kwa macho. Kisha chukua chaki uisokote mpaka ikatike. Itakatika kwa mshazari, karibu nyuzi 45, kwa sababu chaki haivumilii kuvutwa, na mvuto mkubwa unakuja kwa pembe mraba na mshazari huo.

Tafuta programu inayofanya kazi bila intaneti, uipakue ungali chuoni. Mwaka juzi nilijisahau, faili moja likanimalizia bando la wiki.