Naweza kushtaki hata kama sijadhurika?

SWALI: Huku Tudor mikoko inatakiwa ipishe ujenzi. Mimi si mvuvi wala sina ardhi pale. Sheria ya tabianchi itanisikiliza?

JIBU: Itakusikiliza. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya 2016 kinakuruhusu kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyopo hapa Mombasa, na Ibara ya 70 ya Katiba haidai uonyeshe hasara.

Ila ulizia kwanza kama NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, imeshatoa leseni ya mradi huo. Ikiwa imetoa, rufaa huanzia kwenye baraza la kitaifa la mazingira (National Environment Tribunal), ndani ya siku 60. Ukiruka hatua hiyo, mahakama yaweza kukurudisha mlangoni kabla hata ya kugusa hoja zako; wengi huangukia hapo.

Tafuta ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na matangazo ya vikao vya wananchi. Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu kwa sababu wakazi hawakushirikishwa ipasavyo, na sheria hiyo ya 2016 haikuzingatiwa. Bunge liliiandika, Lamu ndiko ilikoota meno.